Kwa Nini Reli Hujifunga Kitanzi?

Najua wengi walitarajia shairi kutoka kwangu, maana ndilo nililoandika mwaka jana. Mwaka huu nimeamua kueleza juu ya vitanzi: vya reli, vya barabara na vya mapembea ya watu wasioogopa kufa. Usicheke kwanza. Chanzo cha makala haya ni mguu wa mjomba wangu uliovunjika, na aliyeuvunja, ukitaka kusema kweli, ni mimi.

Mjomba huuza maji. Ana mkokoteni wa magurudumu mawili unaobeba mitungi ishirini ya lita ishirini ishirini. Kwetu ni Mazeras, na yeyote aliyefika huko anajua kuwa hakuna kwenda mahali bila kupanda au kuteremka. Siku za Jumamosi mimi humsaidia kusukuma, naye hunipa nauli ya kuja shuleni wiki nzima. Kutoka bombani mpaka kwa wateja kuna kilima kimoja kibaya. Tukikifikia, mjomba haendi moja kwa moja. Huanza kupinda kushoto hadi ukingo wa barabara, kisha kulia hadi ukingo wa pili, halafu kushoto tena, kama mlevi anayetafuta mlango wake, mpaka tufike juu. Matatu hupiga honi. Makanga hutoa vichwa dirishani na kututukana. Mimi nilikuwa nikiona haya sana, hasa wasichana wa darasa letu wakipita.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Februari nikamwambia, "Mjomba, leo twende moja kwa moja. Mbona tunajisumbua kuzungukazunguka?"

Akanitazama, akacheka. "Haya, msomi ni wewe."

Tulifika nusu. Nguvu zikatuishia. Mkokoteni ukasimama kitambo kidogo, kisha ukaanza kurudi. Mimi niliyekuwa nyuma niliruka kando. Sikujaribu hata kuuzuia. Mjomba aliyekuwa mbele hakuiachilia mipini, akaburutwa, mkokoteni ukageuka ubavu na kumwangukia mguuni. Mitungi ikaviringika hadi bombani ilikotoka. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Alikaa na plasta wiki saba, na kwa wiki saba hizo hapakuwa na maji ya kuuza.

Nilidhani atanigombeza. Wapi! Nilipomtembelea nyumbani alisema maneno machache tu: "Hata garimoshi hapo chini huzunguka, seuze mimi?"

Maneno hayo hayakunitoka. Siku iliyofuata nilikwenda kuitazama reli ambayo nimeiona tangu utotoni bila kuiona. Nazungumzia ile reli ya zamani ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Karibu na Mazeras, njia hiyo inapopanda kutoka pwani, hujipinda ubavuni mwa kilima, hufanya duara zima, halafu hupita kwa daraja juu ya mahali ilipopita yenyewe. Yaani reli imejifunga kitanzi kama kamba. Nilisimama chini ya daraja lile nikafuata njia kwa macho. Ndugu yangu, ingekuwa ni mtu anayetembea, ungesema amepotea.

Nimesikia watu wazima wakisema ati Waingereza walizungusha reli kwa sababu walilipwa kwa maili. La hasha! Tazama vizuri utaona kwamba njia ya juu na njia ya chini zimepishana kwa kimo. Kitanzi kile hakikuongeza urefu wa bure. Kilinunua kimo.

Hebu nieleze. Mzigo ukiwa juu ya mwinuko, dunia huuvuta urudi chini, na kadiri mwinuko unavyokuwa mkali ndivyo mvuto huo unavyozidi. Mimi na rafiki zangu wawili tulikipima kilima chetu kwa futi kamba na mpira mwembamba uliotiwa maji, namna mafundi wa nyumba wanavyopima usawa. Tulipata kwamba kila ukienda mita nane umepanda mita moja. Maji ya mitungi ishirini ni kilo 400. Gawanya kwa nane: maji peke yake yalikuwa yakituvuta nyuma kwa uzito wa kilo 50, bila kuhesabu mkokoteni wenyewe. Sasa mjomba akienda kwa kupindapinda, njia yake huwa ndefu mara mbili, kwa hiyo kila mita kumi na sita hupanda mita moja tu, na uzito ule hushuka ukawa kilo 25. Kazi nzima haijapungua hata kidogo, wala kilima hakijawa kifupi. Ila kila hatua imekuwa hatua ambayo watu wawili wanaiweza. Mjomba hakusoma zaidi ya darasa la sita, na hesabu hii aliijua kwa mabega.

Garimoshi lina shida kuliko mkokoteni. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupata msuguano mdogo sana. Faida yake ni kwamba kwenye tambarare injini moja huvuta mabehewa mengi. Hasara yake huonekana mlimani, ambapo magurudumu ya injini huweza kuzunguka papo hapo bila kwenda mbele, kama viatu vya plastiki matopeni. Ndiyo maana wahandisi wa reli huogopa hata mwinuko ambao wewe na mimi tungeuita tambarare. Chukua mwinuko wa mita moja kwa kila mita 50. Garimoshi la tani 1,000 likiwa hapo huvutwa nyuma kwa uzito wa tani 20. Sasa fikiria lingekuwa kwenye kilima chetu cha moja kwa nane! Zile injini kubwa za mvuke zilizojengwa Uingereza mwaka wa 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja na zilipewa majina ya milima. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nazo, pamoja na ukubwa na majina yao ya milima, zilipofika Mazeras zilizunguka.

Sisi si peke yetu. Huko California, Marekani, kuna kitanzi cha Tehachapi kilichokamilika mwaka wa 1876, na wengi wa waliokichimba walikuwa vibarua Wachina. Urefu wake ni kiasi cha mita 1,170 na hupandisha garimoshi mita 23. Piga hesabu mwenyewe uone ni mwinuko gani. Magarimoshi ya mizigo ya Marekani huwa marefu ajabu, kwa hiyo mara nyingi kichwa cha garimoshi huwa juu ya handaki huku mabehewa yake ya nyuma yakipita ndani ya handaki lilo hilo. Natamani sana kuona jambo hilo. Huko India, reli nyembamba ya Darjeeling ina kitanzi kiitwacho Batasia. Uswisi nako, penye mji mdogo wa Brusio, kuna daraja la mawe la matao tisa la mwaka wa 1908 ambalo garimoshi hulizunguka waziwazi, likapita chini ya tao mojawapo.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kijiji cha Wassen, Uswisi hukohuko, kwenye reli ya Gotthard iliyofunguliwa mwaka wa 1882. Pale vitanzi vimechimbwa ndani ya mlima. Garimoshi huingia handakini, hugeuka gizani, na kutokea upande mwingine likiwa juu zaidi. Abiria huliona kanisa la kijiji mara tatu: kwanza likiwa juu yao, kisha likiwa usawa wao, mwisho likiwa chini. Mgeni asiyejua husema, "Kijiji hiki nacho kina makanisa matatu!" Mwaka wa 2016 Waswisi walifungua handaki jipya la kilomita 57 linalopita chini kabisa ya milima ile, na magarimoshi mengi sasa hayapandi tena.

Jambo kama hilo limetokea kwetu. Reli ya SGR ilipofunguliwa mwaka wa 2017 haikukifuata kitanzi cha Mazeras. Wajenzi wake walikuwa na mashine za kukata vilima na kusimamisha nguzo ndefu mabondeni. Baadhi ya wenzangu husema hii ni dalili kuwa wazee wa zamani hawakujua kazi. Mimi sikubali. Mlima haukwepeki. Wa zamani waliulipa kwa urefu wa njia, wa sasa wakaulipa kwa saruji na chuma, na kila mmoja alitumia alichokuwa nacho.

Kabla sijaiacha reli, kuna kitanzi kingine kisicho duara. Reli ya zamani ni ya njia moja, na SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi nayo ni ya njia moja. Magarimoshi mawili yakija kwa kuelekeana itakuwaje? Stesheni nyingine huwekewa njia ya pembeni inayotoka kwenye njia kuu na kurudi mbele kidogo. Moja huingia pembeni na kungoja, la pili hupita. Basi.

Barabarani sababu ni nyingine kabisa. Huku kwetu tunaendesha magari upande wa kushoto. Anayetaka kupinda kushoto hana shida, ila anayetaka kupinda kulia lazima akate mbele ya wale wanaokuja. Kwenye raundabauti magari yote huzunguka upande mmoja, kwa hiyo hakuna anayekutana na mwenzake uso kwa uso. Yakizidi mno, hata raundabauti hushindwa, na kila anayepita Mombasa jioni ni shahidi. Hapo ndipo wahandisi hujenga daraja lenye vitanzi. Dereva anayetaka kwenda kulia hupita kwanza juu ya daraja, kisha hupinda KUSHOTO, akazunguka robo tatu ya duara, akajikuta anaelekea kule kulia alikotaka, bila kukata mbele ya mtu yeyote. Mara ya kwanza nilipouchora mchoro huu daftarini niliufuta, nikidhani nimekosea.

Na sasa mapembea. Ziko nchi ambazo watu hulipa pesa wapandishwe kigari kinachokimbia relini hadi kupinduka, vichwa chini miguu juu. Kwa nini hawaanguki? Chukua ndoo, tia maji nusu, uizungushe kwa nguvu kuanzia chini hadi juu ya kichwa chako na kurudi. Maji hayamwagiki. Maji yanataka kwenda mbele moja kwa moja, ndoo inayakatalia na kuyageuza kila wakati, na hivyo yanabaki yamegandamana na kitako cha ndoo. Ukizungusha kwa mkono ulionyooka, pamoja na mpini wa ndoo ni kama mita moja, na hesabu inasema kila mzunguko usizidi takriban sekunde mbili. Mwalimu wetu wa Fizikia alisema somo hilo ni la kidato cha nne na nisiwe na pupa. Nilikwenda kujaribu nyuma ya jikoni. Nilipofika kwenye sekunde mbili na nusu, mama alikuwa akipita. Mengine yaacheni.

Kitanzi cha pembea kwa hiyo ni kinyume cha kitanzi cha reli. Garimoshi huzunguka ili liweze kupanda polepole. Kigari cha pembea lazima kije kwa kasi, kasi isipotosha hakifiki juu. Na hapo pana hatari nyingine. Mwaka wa 1895, katika Coney Island, New York, walijenga pembea lenye kitanzi cha duara kamili. Waliolipanda walishuka wakishika shingo, kwa sababu kigari kilitoka kwenye njia iliyonyooka kikaingia ghafla kwenye duara, na miili yao ikalemewa na uzito mara nyingi kuliko wao wenyewe. Halikudumu. Ilibidi kungoja hadi mwaka wa 1976 ndipo Mjerumani Werner Stengel alipofanikiwa kwa pembea kubwa la California lenye kitanzi cha umbo la tone la maji, pana chini na jembamba juu. Mwanzo wake hupinda kidogokidogo, na shingo hupata muda wa kuzoea. Kumbe hata kupinduka kuna adabu yake.

Mjomba alitolewa plasta mwezi wa Aprili. Anachechemea, hasa asubuhi. Mitungi tumeipunguza ikawa kumi na minne mpaka mguu upate nguvu, na kilima tunakipanda kwa kupindapinda kama zamani, mimi nikiwa nyuma na jiwe mkononi, tayari kulitia chini ya gurudumu. Makanga bado wanatutukana. Maji yakipungua nauli nayo hupungua, kwa hivyo Jumatatu na Ijumaa mimi huja shuleni kwa miguu. Walimu walio zamu langoni siku hizo, ndiyo sababu hunikuta nimechelewa.