Mama, Uliza Kabla ya Kumeza Vidonge vya Fangasi

Leo tuzungumze juu ya dawa za fangasi.

Fangasi huleta mapunye kichwani, choa mwilini na muwasho kati ya vidole vya miguu. Kwa akina mama huleta pia muwasho ukeni na utoko mweupe mzito kama maziwa ya mgando.

Dawa zake ni za namna mbili. Dawa ya kupaka, au ya kuweka ukeni, hufanya kazi hapo hapo. Ni kidogo tu inayoingia katika damu. Lakini kidonge cha kumeza husafiri na damu mpaka kwenye ini.

Kazi moja ya ini ni kuvunjavunja dawa na homoni. Homoni ni vichocheo vya mwili. Ndivyo vinavyoongoza hedhi na mimba. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vina homoni. Baadhi ya vidonge vya fangasi huharakisha kazi hiyo ya ini. Vingine huizuia. Tutazame mifano mitatu.

Griseofulvini. Hiki ni kidonge cha mapunye na choa. Hakiponyi muwasho wa ukeni. Kinaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mama anaweza kupata mimba ingawa hakusahau kumeza hata siku moja. Tena dawa hii haimfai mjamzito, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo usiache vidonge vyako vya uzazi wa mpango, ila ongeza kondomu. Fanya hivyo siku zote za matibabu, na mwezi 1 baada ya kumaliza.

Flukonazoli. Hiki huzuia ini kuvunja dawa nyingine. Mama mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari. Atatoka jasho, atatetemeka, na huenda akazirai. Mjamzito naye asikimeze bila agizo la mganga. Ipo dawa ya kuweka ukeni, kama klotrimazoli.

Ketokonazoli. Hiki huzuia mwili wenyewe kutengeneza baadhi ya homoni. Hedhi huweza kuvurugika. Pia kinaweza kuumiza ini vibaya. Mwaka 1981 kiliruhusiwa Marekani, lakini mwaka 2013 nchi hiyo ilikataza kisitumike kwa fangasi wa ngozi na kucha. Krimu yake haina hatari hiyo.

Mama, ukifika zahanati mweleze mganga mambo haya:

1. Kama una mimba, au siku zako zimechelewa.
2. Njia ya uzazi wa mpango unayotumia.
3. Dawa nyingine unazomeza.
4. Kama umewahi kuugua ini.

Usimeze vidonge vilivyobaki kwa jirani. Nawe baba, usimnunulie mkeo vidonge dukani bila yeye kupimwa.

Ukiwa unameza dawa hizi ukaona macho ya manjano, au mkojo mweusi kama chai ya rangi, acha dawa. Nenda zahanati siku ile ile.

Fangasi wanatibika. Dawa ipo, nayo ni nzuri ikitolewa kwa mtu anayefaa. Usione haya kuuliza. Swali moja zahanati laweza kukuokoa wewe na mtoto.