Mwanga au nuru? Swali kutoka darasa la tafsiri

Juma lililopita niliandika ubaoni kwamba wachoraji wa mandhari wa Marekani, karne ya 19, walisifika kwa kuchora 'mwanga'. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Prof, mbona si nuru?" Nikanyamaza. Nilijua nimenaswa. Makala ya leo ni jibu langu kwake.

Tusemapo mwanga, aghalabu twataja chanzo chake: mwanga wa taa, mwanga wa mwezi. Nuru huenda mbali zaidi. Huweza kuwa sifa ya kitu chenyewe, ndiposa tunasema uso wa fulani una nuru ilhali hakuna taa iliyowashwa humo.

Sasa, msomaji, zitazame picha za Fitz Henry Lane, John Frederick Kensett, Martin Johnson Heade na Sanford Gifford. Maji yametulia tuli, upeo wa macho uko mbali, na alama za brashi ni nadra kuonekana. Kwa kuwa mkono wa mchoraji umejificha, mng'ao huonekana kana kwamba unatoka ndani ya maji na hewa. Gifford hasa aliichukulia hewa kuwa ndiyo mada ya picha, maana rangi ya hewa hugeuza rangi ya kila kilicho nyuma yake.

Mtindo huu huitwa luminisimu. Msomi John Baur aliutumia msamiati huo katika makala yake ya 1954, wakati wachoraji hao wote walikuwa wameshafariki. Wao wenyewe hawakujiita hivyo. Kwa Kiswahili ningependekeza 'unuru'.

Hata hivyo, nina hofu moja. Nuru kwetu hubeba maana ya baraka. Katika picha ya Gifford ya 1866, *Hunter Mountain, Twilight*, machweo ya dhahabu yameangukia bonde lililojaa visiki. Katika milima hiyo ya Catskill, jimboni New York, miti ilikatwa kwa wingi ili magome yatumike kutengenezea ngozi. Picha hiyo ilinunuliwa na James Pinchot. Mwanawe, Gifford Pinchot, aliyepewa jina la mchoraji huyo, alikuwa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya Marekani mwaka 1905.

Kwa hivyo nimefuta 'mwanga' ubaoni, nikaandika 'nuru'. Ila nimempa mwanafunzi wangu sharti moja: akiitaja nuru hiyo, asivisahau visiki.