Jiko la Barazani: Joto Lisigeuke Hasara
Usiku wa Juni na Julai, wenye baa na migahawa ya Nyakanazi wilayani Biharamulo, hadi Benako na Rusumo wilayani Ngara, wanaweza kuwawekea madereva wa malori moto barazani. Mfanyabiashara achague jiko lenye udongo ndani. Hutunza joto na kula mkaa kidogo kuliko la bati tupu. Liwekwe penye usawa, mbali na turubai na njia ya wahudumu. Mwenye gesi asimamishe mtungi wima, apime uvujaji kwa povu la sabuni, si kiberiti.

Hatari kubwa huja baada ya kufunga. Jiko likiingizwa chumbani, hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, huweza kumuua aliyelala. Makaa yazimwe nje. Mauzo ya usiku mmoja hayalipi roho ya mtu.