Je, Wajua? Rekoda Iliyosahaulika Stesheni na Ngoma Tatu za Kakamega

Mzazi wa Kakamega aliyemnunulia mtoto wa Gredi ya 4 rekoda, ile filimbi ya plastiki, tayari anao muziki wa kale wa Ulaya nyumbani kwake, na huenda ameshauchoka. Kabla mtaala wa CBC haujaifikisha vijijini, rekoda ilikuwa ala ya heshima. Bach aliipa nafasi katika konseto mbili kati ya zile sita za Brandenburg. Baadaye filimbi ya kulazwa, yenye sauti kubwa ya kujaza kumbi pana, ikaipiku, na kwa muda mrefu rekoda ikabaki kitu cha makabati ya wakusanyaji.

Je, wajua ilirudije? Mwaka 1919 Arnold Dolmetsch, fundi wa ala za kale huko Uingereza, alikuwa na rekoda moja ya thamani iliyochongwa karne mbili nyuma. Mwanawe Carl, akiwa bado mvulana, aliusahau mkoba wenye rekoda hiyo katika stesheni ya Waterloo, London. Mzee alirudi karakanani akachonga nyingine kwa vipimo alivyokuwa amevichukua. Karakana yake ikaendelea kuzitengeneza, wengine wakaiga, shule zikazipenda kwa urahisi wa bei, na baada ya vita vya pili vya dunia plastiki ikamaliza kazi. Kwa hiyo mtoto akipiga noti ileile jioni nzima wakati wewe unatafuta taarifa ya habari, wa kulaumiwa ni mkoba wa Waterloo.

Dolmetsch huyo alianzisha tamasha la muziki wa kale mjini Haslemere mwaka 1925. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo kila Agosti huwatoa jasho walimu wa shule zetu, lilianza miaka miwili tu baadaye, 1927.

Je, wajua kwamba ukumbi wa kwanza Ulaya uliojengwa mahsusi kwa ajili ya kusikiliza muziki, Holywell huko Oxford, ulifunguliwa mwaka 1748, na bado unatumika? Hauchukui watu wengi, na huo ndio uzuri wake. Muziki wa chemba ni muziki wa wachezaji wachache: watatu, wanne, watano. Kila mmoja ana sehemu yake ambayo hakuna mwenzake anayeipiga, na mbele yao hakuna mtu wa kupunga kijiti. Akikosea mmoja, hana pa kujificha.

Ukumbi wenye jina kubwa zaidi kwa muziki huo London ni Wigmore Hall. Ulifunguliwa mwaka 1901, mwaka uleule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu. Wakati huo uliitwa Bechstein Hall, kwa kuwa walioujenga ni kampuni ya Kijerumani ya piano. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, mali ya Wajerumani ilitaifishwa, na ukumbi ukauzwa kwa mnada kwa wenye duka la Debenhams kwa pauni 56,500, pesa kidogo kuliko gharama ya kuujenga. Ulifunguliwa tena mwaka 1917 kwa jina jipya la mtaa uliopo.

Sasa chukua kipimo hicho cha muziki wa chemba ukipeleke Shinyalu au Ikolomani, hapa Kakamega. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Wengi huziita baba, mama na mtoto. Hubebwa begani kwa mkanda na kupigwa kwa viganja. Kila moja ina pigo lake, na mapigo hayo hukamatana: ondoa ile ndogo, mchezo wote unachechemea. Juu ya ngoma hizo kuna pembe ya swara na njuga za chuma, na mwimbishaji anayetunga maneno kulingana na shughuli iliyopo, huku wanaume na wanawake wakicheza katika safu zao. Hakuna anayepunga kijiti hapo pia. Kwangu mimi huu ni muziki wa chemba usio na shaka, ila wasikilizaji wake hawaruhusiwi kukaa.

Ngozi ya isukuti, kwa desturi, ni ya kenge. Hiyo ni sababu mojawapo ya ngoma hizo kuwa adimu: mti mzuri na ngozi haviokotwi ovyo, na msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho upande wa mashariki cha ile misitu mikubwa ya Kongo, umepungua. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika Isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tafadhali usiichanganye na orodha ile nyingine ya kujivunia, kwani hii ni ya wagonjwa mahututi. Sababu zilizotajwa zinafahamika kwa yeyote aliyehudhuria sherehe siku hizi: wapigaji wengi ni wazee wasio na warithi, pesa za kutengenezea ala na mavazi hakuna, watunzi wanakimbilia muziki wa biashara, na wasikilizaji nao wanapenda burudani za kisasa zaidi.

Msimu wa kumbi za Ulaya huanza karibu Septemba na kuisha mwanzo wa kiangazi chao. Isukuti haina ratiba ya kuchapishwa. Msimu wake ni kuzaliwa, tohara, harusi, mazishi na kutawazwa kwa kiongozi. Halafu kuna mapigano ya fahali, kule Khayega au Malinya, ambapo ng'ombe husindikizwa uwanjani asubuhi kwa ngoma na watu wakikimbia pembeni yake kwa matawi. Sijui mpiga fidla yeyote wa Vienna aliyewahi kupiga sehemu yake huku akiepa pembe.

Tukiwa bado kwenye ng'ombe: wajua kwamba kinubi cha kale kilichofukuliwa Uru, Iraki, na timu ya Leonard Woolley miaka ya 1920 kimepambwa kwa kichwa cha fahali cha dhahabu? Umri wake ni takribani miaka 4,500. Umbo lake ni kisanduku cha sauti, mikono miwili na mti wa kukingama unaofungwa nyuzi. Ukilielewa umbo hilo umelielewa litungu la Wabukusu wa Bungoma, jirani zetu, na nyatiti ya Wajaluo. Huko Ulaya watu husoma vitabu ili kuvifufua vinubi vya aina hiyo. Huku bado vinapigwa kwenye matanga.

La ajabu kuliko yote linahusu kanisa. Miaka ya 1660 mwalimu wa muziki wa London, Solomon Eccles, alijiunga na Quaker, ambao wakati huo waliuona muziki kuwa upuuzi wa dunia. Aliuza ala zake zote. Kisha dhamiri ikamsuta kwamba amemuuzia mwenzake dhambi. Akazinunua tena, akazibeba hadi kilima cha Tower Hill na kuziwasha moto. Watu walipojaribu kumzuia, akazikanyagakanyaga hadi zikawa vipande. Yote hayo aliyaandika mwenyewe, bila aibu, katika kijitabu cha mwaka 1667.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu hilo, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, kusini mwa Kakamega. Tawi lao lilikuwa limeshaanza kuimba tenzi. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Quaker wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na ukitaka kuijua sauti ya Kanisa la Friends, kama Quaker wanavyoitwa huku, simama nje ya mkutano wao wa mwaka. Eccles angezimia. Kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942 katika eneo hilohilo la Waluhya, lilienda mbali zaidi: waumini hutembea barabarani na bendera na ngoma.

Kwaya nyingi za huku husoma solfa, ile ya d, r, m, iliyoenezwa na mchungaji John Curwen wa Uingereza ili maskini wajifunze kuimba bila kununua vitabu vya noti. Ndiyo inayowafikisha kwenye Haleluya ya Handel kila Krismasi. Wimbo huo uliposikika mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mabibi waliombwa waje bila vitanuzi vya magauni na mabwana waache panga nyumbani, ili watu zaidi waingie. Waandaaji wa harusi za Desemba wanaijua shida hiyo.

Na muziki wa sasa je? Mwaka 1992 Kronos Quartet, wapigaji wanne wa ala za nyuzi wa Marekani, walitoa albamu ya Pieces of Africa, ambayo iliongoza kwa wakati mmoja orodha ya Billboard ya muziki wa klasiki na ile ya muziki wa dunia. Ndani yake kuna kazi ya Justinian Tamusuza wa Uganda, iliyojengwa juu ya midundo ya Kiganda. Kama midundo ya Buganda imeingia katika ala nne za nyuzi, ngoma tatu za Isukha zinangoja mtunzi wake. Mwanafunzi wa muziki unayesoma hapa, kazi hiyo ipo wazi.

Aliyekaribia kuifanya hakuwa na fidla. George Mukabi, mwana wa Kisa, Khwisero, alipiga gita moja kwa vidole: gumba likishika besi, kidole cha shahada kikiimba, na mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta kuweka mwendo. Mtindo huo wa omutibo ulienea Kenya nzima kwa Sengula Nakupenda. Mukabi alifariki mwaka 1963 akiwa bado kijana. Sikiliza rekodi zake, zilizotolewa upya mwaka 2017 kwa jina la Furaha Wenye Gita, uhesabu ni watu wangapi wanaosikika.

Kakamega itapata ukumbi wake wa muziki siku moja, na utakuwa mzuri. Wapigaji hawawezi kuungoja. Ukiwa na harusi Agosti hii, waite watu wa isukuti kabla hujamlipa di-jei, wape nauli ya kuja na ya kurudi, na umwambie yule mzee wa ngoma kubwa aje na kijana mmoja wa kujifunza.