Marhamu Moja kwa Kila Ngozi

Ukimtajia mgeni jina la Kangeta huenda akakumbuka miraa, kwa maana aina mojawapo ya mmea huo huitwa kwa jina letu. Nitakalolisema leo halihusu miraa hata kidogo. Lahusu kichwa cha mtoto.

Mtoto mwenyewe ni mwanafunzi wangu. Alikuja darasani amejifunika kofia, na nilipomtaka aivue niliona mabaka ya duara yaliyonyonyoka nywele, yenye magamba meupe. Mapunye hayo, ugonjwa ambao mwalimu wa shule ya msingi huutambua hata akiwa mbali. Tulishauriana na mamake, akampeleka hospitali. Wakarudi na dawa ya kupaka.

Niliisoma paketi. Ndani ya marhamu ile moja mlikuwa na dawa tatu: betamethasoni, ambayo ni steroidi, klotrimazoli ya kuua kuvu, na jentamaisini ya kuua bakteria. Siku chache baadaye mwasho ulitulia, mama akashukuru. Wiki ya tano mabaka yalikuwa yamefika shingoni, na dadake mdogo naye alikuwa akijikuna.

Hapa wanafunzi wa biolojia watege sikio. Steroidi haiui kuvu. Kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili mahali ilipopakwa, ndipo wekundu na mwasho vikapungua. Adui naye, akiona askari wamelala, husambaa bila kelele. Duara la choa hupoteza ukingo wake, hata daktari wa pili asiweze kulitambua. Zaidi ya hayo, mapunye ya kichwani hukaa ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo marhamu peke yake haiponyi. Huhitaji vidonge, kama vile griseofulvini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1939, navyo humezwa kwa wiki sita hadi nane.

Niliwauliza wazazi wengine waliokwisha kupanga foleni katika kliniki za ngozi. Mmoja alikuwa na upele, mwingine choa, mwingine ukurutu; wote walinionyesha marhamu ya namna ile ile. Huo si utafiti, nakiri, bali ni uchunguzi wa mwalimu mdadisi.

Simlaumu sana mwandika dawa. Foleni ni ndefu, naye hubahatisha kwa kutupa wavu mpana. Hata hivyo, kukwangua magamba, kuyatia potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwa hadubini ni jambo la gharama ndogo. Huko Moshi, tangu mwaka 1992, kimekuwapo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, kinachowafundisha maafisa wa tiba elimu hiyo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba elimu haipatikani katika Afrika Mashariki.

Kuna jambo jingine linalonikera. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupima uandikaji wa dawa: mgonjwa huandikiwa dawa ngapi, ni wangapi hupewa viuavijasumu, na kadhalika. Katika hesabu hiyo, mchanganyiko wa dawa tatu huhesabiwa kuwa dawa moja! Kliniki yaweza kupata alama nzuri huku ikigawa steroidi kila siku.

Nchini India matumizi holela ya marhamu za aina hii yameandamana na choa sugu. Kuvu yake ilipewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020, na mara nyingi haisikii dawa ya tabinafini.

Mwanafunzi wangu alirudishwa hospitali, akapewa vidonge, na nywele zimeanza kuota. Nilimwomba mamake aniletee ile marhamu iliyosalia. Akacheka kwa haya: jirani alikwisha kuiazima, anajipaka usoni.