Ndege ya Nanyuki iliyomwaga mabomu yake msituni

TAREHE 1 Juni 2018 sherehe za kitaifa za Madaraka ziliandaliwa katika uwanja wa Kinoru, mjini Meru. Yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kwenye sherehe za aina hiyo anajua mtoto hungoja nini. Hangoji hotuba. Anangoja ndege.

Watu wa Kinoru wana jirani anayezijua ndege hizo vizuri. Upande wa pili wa Mlima Kenya, mjini Nanyuki, ndiko iliko kambi ya wanahewa ya Laikipia, maskani ya ndege ya kivita aina ya F-5. Ukipanda matatu hapo Meru ukapitia Timau, utafika Nanyuki baada ya saa moja na zaidi, ikiwa dereva hana haraka na abiria hawashuki kila njia panda. F-5 ikiwa juu kabisa angani na rubani ameikamua hadi mwisho, huenda karibu kilomita 1,700 kwa saa. Kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 65. Basi piga hesabu mwenyewe: haifiki dakika mbili na nusu.

Kasi hiyo inapita ya sauti. Wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho Mach, ambapo Mach 1 ni kasi ya sauti yenyewe. F-5E hufika Mach 1.6. Ndege inapoitangulia sauti yake, mawimbi ya hewa iliyoyasukuma hurundikana pamoja, na aliye chini husikia mshindo mmoja mkubwa kama wa radi, madirisha yakatikisika.

Ajabu ni kwamba ndege hii ilizaliwa kwa sababu ya ubahili. Katika miaka ya 1950 ndege za kivita za Marekani zilikuwa zikinenepa kila mwaka, na bei nazo zikipanda. Wahandisi wa kampuni ya Northrop, wakiongozwa na Welko Gasich, waliuliza swali la kinyume: ndege yenye kasi kupita sauti inaweza kuwa ndogo kiasi gani? Jibu walilipata katika injini iliyoitwa J85. Injini hii haikuundwa kwa ajili ya mtu kupanda. Iliundwa kusukuma chombo kidogo kisicho na rubani, kilichoangushwa kutoka kwa ndege kubwa ya mabomu ili kuzihadaa rada za adui, kisha kikapotelea huko huko. Ilikuwa nyepesi ajabu. Ile iliyokuja kufungwa kwenye F-5E ina uzito usiofika kilo 320, lakini husukuma kwa nguvu za zaidi ya kilo 2,200. Northrop walifunga mbili kwa pamoja, wakalipa umbo la ndege kiuno chembamba kama chupa ya soda ili hewa ipite bila kukwama, na mabawa mafupi. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine ni kama mita 8 tu.

Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 30 Julai 1959 na kuivuka kasi ya sauti siku hiyo hiyo. Hata hivyo, wakuu wa jeshi la wanahewa la Marekani hawakuwa na hamu nayo. Wao walitaka kubwa. Mwaka 1962 serikali yao iliichagua kuwa ndege ya kuwapa marafiki, yaani nchi zisizo na pesa nyingi wala mafundi wengi. Mnamo Agosti 1972 iliruka ile iliyoboreshwa, F-5E, iliyokusudiwa kukabiliana na MiG-21 ya Warusi. Ilikuwa na mizinga miwili puani na kombora moja kwenye ncha ya kila bawa. Vijana wanaopenda filamu huenda wameiona bila kujua: zile "MiG-28" nyeusi za maadui katika Top Gun ya 1986 ni F-5 zilizopakwa rangi. MiG-28 haikuwahi kuwapo.

Kenya iliitaka kwa sababu ya hofu. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu za magharibi mwa Kenya ni za Uganda. Upande wa mashariki, Somalia ilikuwa imejaziwa MiG na Warusi, na vita vya mashifta vya miaka ya 1960 vilikuwa havijasahaulika. Wakati huo wanahewa wetu walikuwa na Strikemaster na Hunter, zote za Uingereza, zote zikienda polepole kuliko sauti. Serikali ya Mzee Kenyatta ikageukia Marekani, na mwaka 1978 F-5 za kwanza zikawasili. Kwamba hazikuwa mapambo, jirani wetu Ethiopia alikuwa ameshaonyesha: katika vita vya Ogaden vya 1977, F-5 zake chache ziliziangusha MiG za Somalia.

Lakini saa ngumu kuliko zote kwa ndege hizi haikuletwa na Amin wala na Somalia. Ililetwa na watu wa nyumbani.

Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, alfajiri, askari wa cheo cha chini wa jeshi la wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa Nairobi, ambako redio ya taifa ilikuwa mikononi mwao. Kule Nanyuki, kundi la waasi likiongozwa na Koplo Bramwel Injeni Njereman liliwashika marubani kwa mtutu wa bunduki: Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Wakaamriwa kurusha F-5 mbili na Strikemaster moja, zikiwa na mabomu. Shabaha zilikuwa Ikulu na makao makuu ya GSU jijini.

Hebu fikiri. Kutoka Nanyuki hadi Nairobi ni kama kilomita 150 kwa mstari wa ndege. Kwa F-5 hizo ni dakika chache mno, na jiji lilikuwa limejaa watu vitandani mwao. Kukataa pale chini ni kupigwa risasi, na waasi wangetafuta njia nyingine. Kutii ni kuwaua raia.

Marubani waliondoka. Walipokuwa angani walianza kuzigeuza ndege kwa ghafla na kwa nguvu. Hapa inafaa tueleze kidogo. Ndege ya kasi inapopinda kwa ukali, mwili hulemewa. Kwenye mpindo wa mara tano ya uzito, mtu wa kilo 70 hujihisi ana kilo 350. Mkono hauinuki, damu hukimbilia miguuni, macho hufifia. Rubani wa kivita amefunzwa kukaza misuli na kupumua kwa mpango, na huvaa vazi maalumu linalobana miguu na tumbo. Mwasi aliyepanda kuwasimamia hakuwa na mafunzo hayo, na bunduki haikumsaidia kitu. Marubani wakayamwaga mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi kutua Nanyuki.

Msitu huo haukuwa mgeni wa mabomu. Wazee wa pande za Meru na Embu wanaokumbuka vita vya Mau Mau wanajua ndege za Waingereza zilivyoupiga katika miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba safari hii msitu ulibebeshwa mzigo ili jiji lisalimike.

Uasi ulizimwa siku hiyo hiyo. Ochuka alitorokea Tanzania kwa ndege, baadaye akarejeshwa na kuhukumiwa kunyongwa. Jeshi la wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya, kambi ya Nanyuki ikaitwa Laikipia, na hadi 1994 ndipo jina la Jeshi la Wanahewa la Kenya liliporudishwa. F-5 zenyewe zilibaki. Mwaka 2007 Kenya ilikubaliana na Jordan kununua nyingine 15 zilizokwisha kutumika, jambo lililozua maneno mengi kuhusu kununua vikuukuu.

Oktoba 2011 jeshi letu lilipoingia Somalia kupambana na Al-Shabaab, ndege hizo zilienda vitani hasa. Tarehe 30 mwezi huo, Jumapili nyingine, ndege za kivita za Kenya zilishambulia mji wa Jilib. Shirika la Médecins Sans Frontières lilisema kambi ya wakimbizi wa ndani ilipigwa, watu 5 wakafa na makumi wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Jeshi lilisema lililenga gari la Al-Shabaab lenye silaha. Safari hii hapakuwa na msitu mtupu wa kumwagia.

Kwa mzazi wa Kinoru ambaye mtoto wake bado anataka kuiona ikipita, kuna dokezo moja. Ndege iliyo umbali wa kilomita 3 huchukua kama sekunde 9 kabla sauti yake haijakufikia. Ikienda kilomita 900 kwa saa, muda huo imeshasonga zaidi ya kilomita mbili. Kwa hivyo mtoto asitazame kule ngurumo inakotoka. Atafute mbele zaidi, upande inakoelekea, na aanze na anga iliyo juu ya mlima.