Sindano ya mgongo: jua kwanza kinachouma

Hapa Majengo, na Ufipa yote kwa jumla, maumivu ya mgongo ni ugonjwa wa kila nyumba. Mtu analima matuta kwa jembe la mkono, anabeba magunia ya mahindi na mizigo ya kuni, na akifika umri wa miaka arobaini hata kurukuu kunakuwa kazi. Wengi husingizia baridi ya huku juu. Wengine huulizia "sindano ya mgongo" waliyoisikia kwa jamaa zao walioko Dar es Salaam. Basi tuieleze.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanaijua sindano ya mgongoni, lakini ile ni ya ganzi na kazi yake huisha baada ya saa chache. Ile ya deksamethasoni anayochomwa mtu takoni kwenye duka la dawa nayo siyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za jamii hiyo zisitumike kutibu maumivu sugu ya kawaida ya kiuno. Tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo daktari bingwa huingiza steroidi karibu na mzizi wa mshipa wa fahamu, nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, huku akitazama kwenye picha ya eksirei sindano inakopita.

Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto laini, kiitwacho diski. Ikichomoza na kubana mshipa, maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni, au kutoka shingoni hadi mkononi. Hapo steroidi hupunguza uvimbe, na mgonjwa anaweza kupata nafuu ya wiki kadhaa, pengine miezi, akaweza kutembea na kufanya mazoezi. Diski yenyewe haitibiwi na sindano hiyo. Kwa mgongo uliochoshwa na jembe tu, bila mshipa kubanwa, faida yake ni ndogo, na kwa maoni yangu usiuze ng'ombe kwa ajili yake.

Lakini steroidi pia hudhoofisha kinga ya mwili, na hapa ndipo penye hatari kwetu. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia kwenye pingili, kikala mfupa polepole hadi ukaporomoka, mtu akaota kibyongo au akapooza miguu. Mgonjwa huyo anaweza asikohoe hata siku moja. Dalili zake ni homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na maumivu yasiyotulia hata akilala. Akichomwa steroidi anaweza kusikia nafuu kidogo huku ugonjwa ukienea ndani. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, kwa hiyo pima kwanza. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi wamweleze daktari pia, kwani ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humpata binadamu na kumuuma mgongo.

Usafi wa dawa nao si jambo dogo. Mwaka 2012 huko Marekani, steroidi zilizotengenezwa na kampuni moja ya Massachusetts ziliingia fangasi. Watu zaidi ya 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na 64 walikufa. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaonya kwamba sindano hizi, ingawa ni kwa nadra, zimesababisha upofu, kiharusi, kupooza na vifo. Ya shingoni inahitaji tahadhari zaidi, maana mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo iko jirani.

Mwenye kisukari aseme mapema, kwa sababu sukari yake itapanda kwa siku kadhaa. Vilevile anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Na ukiona miguu inalegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo na choo havizuiliki, usiulizie sindano yoyote. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.